Siku Maji ya Kalambo Yaliposimama

Kwa miaka mingi Coleta alikuwa mto, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyepata kumwona akiwa mto. Kila ulezi ulipokwisha kuvunwa, kwaya ya Mwazye ilicheza mchezo wake wa kuimba katika ukumbi wa parokia, naye Coleta alijikunja jukwaani chini ya kitambaa kirefu cha buluu, akaimba sauti ya maji. Mumewe, Wilibrodi, alishika upande mmoja wa kitambaa, na jirani yao Meshack alishika upande wa pili. Walipokitikisa taratibu kitambaa kilipanda na kushuka, na watoto waliokaa mbele walikunja miguu yao wasilowe.

Mchezo wenyewe uliitwa Mbegu ya Mtoni. Aliutunga mwalimu Flavian, aliyefundisha shule ya msingi asubuhi na kwaya jioni. Kisa chake kila mtu alikijua: mwaka wa njaa mto unafurika na kubeba mbegu ya ulezi ya kijiji kizima, na mama mmoja anateremka mpaka kwenye maporomoko kuidai. Mto unauliza maswali matatu. Lakini anayejibu si yule mama. Wanaojibu ni watu wote waliokaa ukumbini.

"Mnataka nini kwangu?" Coleta aliimba.

"Mbegu yetu," ukumbi uliitikia.

"Mliitunza pamoja?"

"Pamoja."

"Mtaila pamoja?"

Hapo ndipo palipokuwa na utamu. Watu wakijibu kwa moyo mmoja, mabati ya paa yalivuma na mto ukaitoa mbegu. Wakijibu kwa kusitasita, Coleta aliuliza tena. Mwaka ule chama cha ushirika kilipofunga milango na kila mtu akaanza kuwauzia wenye malori mahindi yake kivyake, jibu la swali la tatu lilitoka legelege, wengine wakitazama chini. Coleta aliuliza na kuuliza, mpaka bibi mmoja akaanza kulia, ndipo ukumbi ukaitikia sawasawa. Alipotoka chini ya kitambaa siku hiyo, jasho likimtiririka, alikuwa Coleta yuleyule, mke wa Wilibrodi, mama yake Stefania, na mtu akamkumbusha kurudisha ungo aliouazima.

Siku zile maduka ya Sumbawanga yalikuwa yameanza kujaa vitu ambavyo zamani vilionekana majumbani mwa wakubwa tu: televisheni, deki za video, redio zenye spika mbili. Mtu mmoja wa mjini aitwaye Obed alikuwa amepata kamera ya kubeba begani, akawa anazunguka nayo Ufipa nzima akirekodi harusi na komunio za kwanza. Alifika Mwazye kwa ajili ya harusi, akabaki mpaka sikukuu, akauona mchezo. Ulipokwisha, watu wote walitoka nje, yeye akabaki ameketi kwenye benchi akiangalia jukwaa tupu. Kisha akamfuata mwalimu Flavian.

"Shikamoo mwalimu. Huu lazima uwe sinema," alisema. "Na tusiupige hapa ukumbini. Twende kulekule maji yanakoporomoka. Twende Kalambo."

Kwaya iliitisha kikao, na kikao kikagawanyika. Vijana walitaka kwenda hata kesho yake. Wazee wa kwaya walivuta midomo. Wilibrodi, ambaye si msemaji sana, aliinuka.

"Mto tunao hapa," alisema. "Hatujawahi kuukosa hata mwaka mmoja. Kwa nini tukautafute Kalambo?"

Aliyemjibu ni Avelina, aliyeigiza yule mama wa kudai mbegu. "Baba Stefania, wewe umewahi kuyaona hayo maporomoko?"

"Sijayaona."

"Hata mimi. Nimeimba kwamba nateremka huko tangu niko msichana, na sijui hata njia yake."

Walitazamana wakagundua kuwa mle ndani aliyewahi kufika ni mzee Marselino peke yake, enzi za ujana wake, alipopita huko akienda kutafuta kazi kwenye migodi ya Rhodesia ya Kaskazini. Wakamgeukia wasikie atasema nini.

"Sitawaeleza," Marselino alisema. "Nilijaribu kumweleza mama yangu niliporudi, nikashindwa. Nendeni."

Wakakubaliana kwenda. Coleta hakuwa amesema neno kikaoni, lakini alipokuwa akirudi nyumbani alijikuta anatembea haraka kuliko kawaida yake, na Wilibrodi nyuma yake akimwuliza anakimbilia wapi.

Nyimbo zilirekodiwa kwanza, kanisani, maana Obed alisema kule Kalambo ngurumo ya maji ingezimeza sauti zote. Sauti angezipachika juu ya picha baadaye, akifika mjini. Coleta alisimama peke yake mbele ya kipaza sauti. Aliimba swali la kwanza, akanyamaza kungoja. Kanisa lilikuwa tupu. Obed alimwonyesha kwa mkono kwamba aendelee. Coleta akamtazama mwalimu Flavian, naye akaitikia kwa kichwa, ingawa uso wake haukuonyesha raha. Basi akaimba la pili, akaimba la tatu, bila kungoja jibu. Ilikuwa kama kupiga hodi na kuingia hapohapo.

Walikwenda Kalambo mwezi wa tano, mwaka ule wa mvua kubwa zilizokata barabara kila mahali. Lori lilipita Matai, likakwama, likasukumwa, likakwama tena. Mwisho wa njia walishuka wakatembea kwa miguu msituni.

Walianza kuyasikia kabla ya kuyaona. Mwanzo Coleta alidhani ni lori jingine, zito, linalokuja lisifike. Kisha akahisi ardhi inatetemeka chini ya nyayo zake. Miti ikaachana, na mbele yao ukatokea mto wa kawaida tu, unapita juu ya mawe mapana, mto ambao mtu angefulia nguo zake bila wasiwasi. Ukaenda hatua chache, nchi ikakatika.

Ilikatika kama mkate. Upande huu palikuwa na ardhi, majani na watu. Mbele yake hewa tupu, na ng'ambo ukuta wa mwamba uliotelemka mpaka jicho likachoka. Maji yalifika ukingoni yakajitupa. Mtu mmoja alifanya ishara ya msalaba. Avelina aliketi chini palepale alipokuwa amesimama, kama aliyeambiwa habari nzito.

Coleta alitaka kuona yanakokwenda. Alilala kifudifudi juu ya mwamba akajiburuta, na Wilibrodi, aliyeona hawezi kumzuia, akamshika kwa nguvu upindo wa kanga aliyojifunga kiunoni, na mkono mwingine akaushika mti. Coleta akachungulia.

Maji yaliondoka ukingoni yakiwa kitu kimoja, mazito, yamejaa rangi ya udongo. Chini kidogo yakachanika yakawa nyuzi. Chini zaidi nyuzi zikawa moshi, na moshi ukaendelea kushuka, polepole, polepole mno, mpaka mahali ambapo hapakuonekana. Upinde wa mvua ulikuwa umesimama humo ndani, chini yao. Ndege wakubwa, korongo, walizunguka bondeni, na Coleta akaona migongo yao. Maisha yake yote alikuwa amezoea kuona matumbo ya ndege.

Alikuwa ameuimba mto huu kama mama mwenye majonzi. Mwaka mwingine, akiwa amekasirika na mambo ya nyumbani, aliuimba kwa hasira. Sasa aliona kwamba kitu hiki hakikuwa na majonzi wala hasira, na kwamba hakikuwa kinamwuliza mtu swali lolote. Kilikuwa kinaanguka tu, tangu kabla ya babu zake kuja Ufipa, mchana na usiku, kuna watu au hakuna. Alijaribu kuimba ubeti mmoja, kwa sauti yake yote. Alihisi koo linafanya kazi, kifua kinajaa na kupungua, lakini sauti yake mwenyewe hakuisikia hata kidogo. Uso wake ulilowa. Hakujua ni manyunyu au ni machozi, na hakuona sababu ya kutaka kujua.

Alipojiburuta kurudi nyuma, Wilibrodi hakumwachia upindo wa kanga.

"Unatetemeka," alisema mdomo wake ukiwa karibu na sikio lake.

"Ni ardhi."

"Si ardhi peke yake."

Wilibrodi alikuwa amekuja na kile kitambaa cha buluu, amekikunja vizuri kwapani, endapo kingehitajika. Obed, kwa heshima, alimwambia, "Baba, hapa kitambaa hakina kazi." Kisha manyunyu yalipozidi alikiomba, na siku nzima Wilibrodi alisimama akiishikilia buluu yake juu ya kamera isilowe, huku Avelina akiteremka mawe kwa uangalifu, akipanua mikono, akifuatisha wimbo uliotoka kwenye redio kaseti ambayo hakuna aliyeisikia vizuri. Katika picha zote zilizopigwa siku hiyo Coleta hayumo, na Wilibrodi hayumo.

Sinema ilikuwa tayari mwezi wa saba, wakati wa ule upepo wa baridi unaopenya mpaka kwenye mifupa. Ilionyeshwa Jumapili baada ya misa. Madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa mablanketi na magunia, jenereta likawekwa nje nyuma ya jiko, televisheni ya Obed ikapandishwa juu ya meza jukwaani, na pembeni yake spika mbili kubwa za kupigia muziki. Watu walikuwa wamekuja mpaka kutoka Msanzi. Wazee walikaa mbele, wengine wakasimama kwenye benchi, wengine wakaning'inia milangoni.

Walipoyaona maji, ukumbi mzima ulivuta pumzi. Televisheni ilikuwa ndogo kwa umati ule, lakini kilichokuwa ndani yake kilikuwa kikubwa, na kila mtu aliinama mbele kama anayechungulia kisimani. Kisha ikatoka sauti.

Coleta alikuwa amekaa karibu na ukuta, shuka limemfunika mabega. Alijua ni yeye. Alikumbuka kanisa tupu, kipaza sauti, viatu vilivyokuwa vinambana. Hata hivyo nywele zilimsimama. Sauti ilikuwa inatoka kwenye yale maji yenyewe, pana, haina haraka, na katika picha hapakuwa na mtu wala mdomo wa kuitoa. Msichana mmoja aliyekuwa mbele yake, aliyekuwa akimwamkia kila siku njiani, aligeuka akamwangalia kwa macho ya woga, akageuka tena upesi.

"Mnataka nini kwangu?" maji yaliuliza.

"Mbegu yetu," ukumbi uliitikia, kama siku zote.

Lakini maji hayakungoja. Yalikuwa yamekwisha kuuliza swali la pili, na jibu la kwanza likaangukia juu yake. Watu wakaharakisha kujibu la pili, likawaponyoka. La tatu lilipokuja, nusu ya ukumbi ilikuwa inajibu, nusu inacheka, na wengine walikuwa wanawanyamazisha wanaocheka. Mto ukatoa mbegu bila kuambiwa kitu. Avelina akapanda nayo mlima akiimba kwa furaha, na sinema ikaisha katika kelele.

Hapo maneno yakaanza. Vijana walisema kitu kama hiki hakijawahi kuonekana Ufipa, kwamba ni poa kuliko sinema za wageni zinazoonyeshwa mjini. Wengine walisema wimbo umeharibiwa. Mtu wa Msanzi, aliyekuwa hajawahi kuuona mchezo, alisema haelewi wanalalamikia nini. Yeye ameona maji, amesikia yakisema, ametosheka. Mwalimu Flavian, aliyeutunga, aliulizwa anasemaje, akavua miwani akaifuta, akaivaa, akasema hajui.

"Mimi najua," Wilibrodi alisema. "Mto huu hauna haja na sisi. Tujibu tusijibu, mbegu inatoka. Basi tumekuja kufanya nini humu?"

Wengi waliguna kukubali. Obed alisimama karibu na deki yake, mikono mfukoni, kama mtu aliyeleta zawadi ikakataliwa. Alijaribu kueleza kwamba sinema haiwezi kungoja, kwamba kanda ikiingia inakwenda.

Coleta aliinuka akapita kati ya mabenchi mpaka jukwaani.

"Baba," alimwambia Obed, "haiwezi kusimama kabisa?"

"Kusimama inaweza, mama. Kuna mahali pa kubonyeza. Lakini picha itatetemeka, haitapendeza."

"Irudishe kwenye swali la mwisho. Nikikugusa, isimamishe."

Obed akairudisha. Watu waliokuwa wametoka walisikia sauti wakaingia tena. Maji yakaanguka, yakauliza, "Mtaila pamoja?" na Coleta akamgusa Obed mkononi.

Maji yakasimama.

Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwamba ameulizwa. Maporomoko yale yote, yaliyoitetemesha nchi chini ya miguu ya wanakwaya, yalikuwa yamening'inia hewani. Mistari myeupe ilitetemeka juu na chini ya kioo, kama maji yenyewe yanajikaza yasianguke. Ndege mmoja alikuwa amebaki katikati ya bonde, mabawa wazi. Nje jenereta lilisikika likinguruma, na ndani hapakusikika hata mtoto. Mzee Marselino, katika benchi la mbele, alivua kofia yake akaiweka magotini.

"Pamoja," alisema, kwa sauti ndogo, kama anayeongea na mtu wa karibu.

Kisha wakaitikia wote. Obed akaachia, na maji yakaendelea kuanguka.

Walipotoka nje jua liliwaumiza macho, na ubishi haukuwa umekwisha. Uliendelea kisimani, mashineni, na hata kwenye vilabu vya pombe ya ulezi. Wapo waliosema sasa sinema imekuwa nzuri. Wapo waliosema si sinema tena wala si mchezo. Marselino aliulizwa na watu wengi, naye jibu lake lilikuwa lilelile.

"Maji yale yalinisimamisha nikiwa kijana, nikashindwa kwenda mbele wala nyuma. Leo nimeona mtu anayasimamisha kwa kidole. Sijui kama ni vizuri. Lakini nimeona."

Nyumbani kwa Coleta nako palikuwa na pande mbili. "Ukiwa chini ya kitambaa unatusikia," Wilibrodi alimwambia walipokuwa wakipukuchua mahindi. "Yule wa kwenye kanda hasikii."

"Lakini niliogopa, Baba Stefania. Sauti yangu mwenyewe ilinitia hofu."

"Ndiyo maana siipendi."

Obed alipata wazo la kuizungusha sinema, na akaomba Coleta afuatane naye kumwonyesha mahali pa kusimamisha. Mwalimu Flavian alikuwa likizo, akakubali kwenda. Wilibrodi alikwenda kwa shingo upande, akisema hawezi kumwacha mkewe azunguke na mashine. Walipita Namanyere, wakateremka mpaka Kabwe, kwenye Ziwa Tanganyika, ambako joto liliwavua masweta na harufu ya dagaa iliwapokea kabla ya watu.

Kabwe sinema ilionyeshwa mchana, maana usiku wanaume wako ziwani na taa zao. Kibanda cha video kilijengwa kwa mabanzi na kuezekwa maturubai, giza lake limetobolewa na vijitundu vya jua. Waliingia wavuvi wenye macho mekundu ya kukesha, wanawake wa kuanika dagaa, wafanyabiashara, na watu wa ng'ambo ya ziwa wanaozungumza Kiswahili chao cha Kongo. Kati yao hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kusikia habari za Mbegu ya Mtoni, wala aliyejua kwamba mtu anatakiwa kuitikia.

Walitazama kimya. Swali la kwanza likapita, la pili likapita. La tatu lilipoulizwa, Coleta alimgusa Obed mkono kwa mazoea tu, na maji yakasimama.

Watu walitazama maji yale yaliyoning'inia, na maji yakaonekana kama yanawatazama wao. Coleta aliona amekosea, kwamba hawa hawajui la kusema, akafungua kinywa aitikie yeye mwenyewe ili mambo yaendelee. Kabla hajatoa sauti, mwanamke mmoja aliinuka kutoka nyuma kabisa.

Alikuwa mrefu, magamba ya samaki yamemkaukia mikononi. Hakumtazama mtu yeyote. Aliitazama televisheni.

"Sisi huku hatuna ulezi," alisema taratibu. "Lakini ulimchukua mume wangu, pamoja na ndugu yake. Mume wangu ni Eustace. Naomba uwarudishe."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemvuta nguo akae. Mwanamume aliyekaa pembeni, bila kuinuka, alisema, "Na Ngeleja."

"Na Mayunga," mwingine akasema.

"Na yule fundi wa injini, na mwanawe."

Majina yakaanza kutoka kila kona ya kibanda, moja moja, bila kelele, kila mtu akiyaelekeza kwenye yale maji. Mengine yalikuwa ya Kikristo, mengine ya Kiislamu, mengine ya ng'ambo. Kuna aliyetaja jina akanyamaza, kisha akalitaja tena kana kwamba mara ya kwanza halikusikika. Obed alimwangalia Coleta, kidole kikiwa juu ya deki, uso wake umelowa jasho. Coleta akatikisa kichwa: bado. Alikuwa ameketi kati ya watu wale, magoti yamegusana na magoti ya mama asiyemjua. Waliyemwomba alikuwa yeye, na hakuwa na ubeti wa kuwajibu. Mwalimu Flavian hakuwa ameutunga. Alichoweza kuwapa ni kungoja, akangoja, na maji yakangoja naye.

Majina yalipokwisha, yule mwanamke alikuwa bado amesimama. Coleta akaitikia kwa kichwa. Obed akaachia. Maji yakaanguka, na sauti ikatoka ndani yake ikaimba ubeti unaofuata, uliokuwa pale siku zote.

"Nimewasikia. Shukeni polepole, mawe yanateleza."

Mwanamke akaketi.

Nje, kwenye mwanga, alimfuata Obed. Aliitwa Rahel. Hakulia, alikuwa na uso wa mtu aliyetua mzigo njiani kwa muda. Alitaka kujua maji yale yako wapi.

"Kalambo, mama," Obed alisema. "Huko kusini. Mto wenyewe unakuja kuingia ziwa hilihili."

Rahel aligeuka akalitazama ziwa, lililokuwa linameta mpaka kwenye milima ya Kongo.

"Kwa hiyo ni maji yaleyale," alisema.

"Ni yaleyale."

Mwalimu Flavian, aliyefurahi kupita kiasi, alimshika Coleta bega akamsogeza mbele. "Na huyu mama hapa," alianza, "huyu ndiye..."

"Huyu ni mke wangu," Wilibrodi alimkatiza. "Tumetoka Mwazye. Tumekuja kutazama tu."

Mwalimu alishangaa, akamwachia Coleta bega. Rahel akawapa mkono wote wawili, akawaambia karibuni Kabwe, akaenda zake kugeuza dagaa wake juani. Coleta alimtazama mumewe. Wilibrodi alikuwa anaangalia mchanga.

"Nyumbani hakuna aliyewahi kukuomba kitu kama kile," alisema. "Walijua ni wewe."

"Na wewe sasa unaonaje?"

"Ukumbini ni bora. Sijabadilika." Alikohoa kidogo. "Lakini kile nilichokiona mle ndani, mama, sina pa kukiweka."

Walirudi kesho yake kwa lori lililopakia dagaa. Njia ilipoanza kupanda, joto likabaki nyuma na upepo wa uwandani ukawapiga usoni, wakavaa masweta yao. Coleta alikuwa kimya, midomo ikichezacheza. Wilibrodi alimwuliza kama anasali.

"Nayataja majina ya wale watu," alisema. "Eustace na ndugu yake. Ngeleja. Mayunga. Yule fundi na mwanawe. Kisha kuna mzee mmoja, alitajwa na yule msichana wa mlangoni. Nimemsahau."

"Hamisi," Wilibrodi alisema.

"Hamisi. Na baada yake?"

Wilibrodi akamtajia wa baada yake, na wa baada ya huyo. Alikuwa anawakumbuka wote.